Miguu ya Buibui

Karani alikuwa amefumba macho, kichwa kimeegemea dirisha la basi, lakini masikio yalisimama aliposikia buibui akitajwa kiti cha mbele.

"Chemsha bongo ya pale baa ina mkono wa mtu," fundi saa alikuwa akimwambia muuguzi aliyekaa naye, wala hawakuwa wakijuana. "Tumeulizwa buibui ana miguu mingapi. Tukaandika minane. Tukakosa!"

"Kwani si minane, kaka?"

"Ni minane! Karatasi ya majibu ndiyo iliyokosewa, ikasema kumi. Hapo sina neno. Ila dada yangu, meza ya pili nao waliandika kumi. Wakapata, wakashinda!"

"Labda hawajui tu."

"Milima wanaijua, mito wanaijua, buibui peke yake ndiye aliyewapiga chenga? Walionyeshwa majibu hao. Aliyechapa ile karatasi ana mtu wake pale mezani."

Karani alifumbua macho. Karatasi aliichapa yeye, nyumbani, huku shemeji yake, nahodha wa meza ya pili, akimmiminia chai na kusifu kasi ya vidole vyake. Kumbe zile sifa zilikuwa na macho.

"Mi' naona walibahatisha," muuguzi alisema, kisha akageuka nyuma. "Eti dada, wewe ungeandika mingapi?"

Hapo ndipo karani alipokumbuka kwamba anashuka. Alibonyeza kengele, akawapita bila kuwatazama, na basi liliposimama akateremka, vituo vitatu kabla ya kwake.