Dirisha la Mwalimu

Mwalimu alifanya kosa la kutaja kazi yake ndani ya basi. Mama aliyekaa naye, mfagizi wa ofisini, akamgeukia mzimamzima. "Kwa hiyo nyie shule mnafungua lini? Mwanangu nimemfungia ndani na mdogo wake tangu alfajiri. Kusoma kwenyewe ameshasahau."

"Mama, darasa langu lina watoto tisini, na madirisha yamepigiliwa misumari tangu tulipoibiwa. Ugonjwa huu uliofunga shule, kinga yake ni hewa. Hewa itapita wapi?"

"Si mng'oe misumari!"

"Tumeomba ruhusa. Tunasubiri."

"Sisi wengine tumechoka kusubiri, mwalimu."

"Hata mimi nimechoka. Nyumbani nina mama yangu, kifua chake kibovu. Nikimpelekea huu ugonjwa je?"

Yule mama akashusha barakoa apumue. Mwalimu naye akashusha yake, nadhani kwa heshima.

Mvua ikaanza. Mwalimu akavuta kioo cha dirisha lake, mama akamsaidia kukikaza, na sisi wengine tukafunga vyetu. Basi liliposimama kituo cha mwisho, vioo vilikuwa vimejaa pumzi zetu, hata nje hakuonekani.