Nusu Saa Kutoka Kanada

Kijiwe cha Loyi kipo Bwera, kando ya barabara ya mpakani, pale malori yanapopanga foleni. Benchi ni moja, birika ni moja, na anayetaka kukaa lazima awe na la kusema. Asubuhi hiyo Bwambale hakuhitaji kusema kitu, alikuwa na simu. Kijiwe kizima humwita Barafu, maana ujana wake wote aliumaliza akibeba mizigo ya watalii hadi kwenye theluji ya Rwenzori. Binti yake Evas, aliye Kanada mwaka wa saba sasa, alikuwa amemtumia video: kasimama kwenye theluji usiku, na juu yake utepe wa zambarau umekatiza anga.

Pamoja na video kulikuwa na ujumbe wa sauti. Evas alieleza kwamba ule si mwanga wa kijani wa anga ya kaskazini ambao watu husafiri kwenda kuutazama. Huu hutokea pembeni mwake, mahali ambapo hewa ya juu kabisa, yenye umeme ndani, hukimbia kuelekea magharibi kilomita sita kwa sekunde moja. Kazi yake ni kuipima. Bwambale alikuwa ameukariri ujumbe wote, na siku ya kurudi haikutajwa humo.

Wahab, anayeshughulikia makaratasi ya malori forodhani, ndiye aliyeanza.

— Ile iko theluji yetu. Hapa kwa mulima inapunguka kila mwaka. Munafikiri inaendaka wapi? Ilihamia kule, sasa inawaka.

Afande Kosmasi, mstaafu anayekaa benchini kama yuko gwaride, hakukubali.

— Hiyo ni silaha. Kitu haiwezi kimbia hivyo kama hakuna mutu ametuma.

Loyi akataka kujua imetumwa wapi. Kosmasi akasema Evas mwenyewe ametaja magharibi, na magharibi ni Kongo. Wahab, ambaye wakweze wako Kasindi, ng'ambo ya mpaka, akakasirika kidogo. Kikombe cha pili kilipomiminwa, utepe ulikuwa umeshageuka waya usio na nguzo, unaonyonya umeme wa mito ya Kongo kuupeleka Ulaya, na ndiyo maana Bwera giza haliishi. Loyi alilisadiki hilo moja kwa moja.

Bwambale alicheka nao. Kisha akamwomba Wahab, mwepesi wa hesabu, ampigie: kwa mwendo huo, kutoka Kanada hadi hapa ni muda gani? Wahab akaandika kiganjani kwa kalamu.

— Nusu saa. Inazidi kidogo tu.

Bwambale akaweka kikombe chini.

— Kitu haina miguu inafika kwa nusu saa, akasema. Mutoto wangu, miaka saba.

Hapo utani uliisha. Akawaambia ambalo hakuwahi kumwambia mtu: kwamba kule kijijini Mahango amemjengea Evas chumba, kimeezekwa, dirisha linatazama mlima. Anamkumbuka mno, akasema, hasa asubuhi. Lakini hakuwa amekata tamaa. Wazungu aliowabebea mizigo walikuwa watu wa nguvu, na bado baridi iliwateremsha wote.

— Baridi haizoeleki kwa mutu iko peke yake. Itamurudisha.

Mwisho wa benchi alikaa Acan, mke wa polisi kutoka kambini, mgeni pale, anasubiri gari la kwenda Kikorongo. Akaomba aione hiyo video. Aliitazama mara moja tu.

— Samahani mzee. Nani alikuwa anashika simu?

Wahab akageukia malori yake. Loyi akainua birika kumwongezea mzee, akakuta limebaki machicha.

Bwambale akaicheza tena video. Kwa siku tatu alikuwa ametazama angani tu, kama kila mtu aliyeonyeshwa. Sasa akautazama uso wa mwanawe. Evas hakuwa anautazama ule utepe hata kidogo. Alikuwa anamtazama aliyeshika simu, anatabasamu, koti lake liko wazi kifuani, wala haonekani kusikia baridi.