Kaa Moja la Mtoto wa Marsaili

Wasikilizaji wapendwa, fungeni mlango vizuri, upepo wa leo si wa mchezo.

Kalenda ya wilaya yetu inasema hivi juu ya Machi 1851: alizaliwa mrithi wa bwana mwenye ardhi, na moto mkubwa ukawashwa kilimani. Basi! Watu wa bonde zima la Àird Bheag, hapa kwetu Uskoti, hawana hata mstari. Nina hasira tangu asubuhi, na siimezi.

Maana Machi hiyo hiyo, bondeni humo humo, Marsaili naye alijifungua. Mtoto wa kiume. Mumewe alikuwa kusini, anachimba njia ya reli. Nyumbani alibaki yeye, mama mkwe wake, na moto. Moto ule, wapendwa, haukuwahi kuzimika tangu enzi za bibi wa mumewe. Usiku unafunikwa majivu, asubuhi unafunuliwa.

Kichanga hajamaliza wiki, wakaja watu wa msimamizi wa bwana yule mwenye ardhi. Bonde linatakiwa kwa kondoo. Wakachukua ndoo ya maziwa ya ng'ombe wa Marsaili mwenyewe, wakayamwaga motoni kuuzima. Maziwa ya mzazi! Kisha wakang'oa paa, theluji inaanguka.

Nyumba iliyobaki na moto ilikuwa moja tu, ya jirani yake Beathag. Na amri ilishatoka: atakayemkaribisha aliyefukuzwa, naye atavunjiwa. Marsaili akamwacha mtoto kifuani pa mama mkwe, nyuma ya ukuta, akaenda na chungu.

"Beathag, nipe kaa. Moja tu."

"Jamani, mwenzangu, mtoto wangu naye ni mchanga, hajabatizwa! Moto ukitoka nyumba hii, bahati yake inatoka nao. Hujui?"

"Najua. Lakini wangu anaganda!"

"Usiniponze, dada. Chukua shali yangu."

Marsaili alijua kweli. Hata yeye asingetoa. Ndivyo tulivyolelewa.

Akapanda kilimani, kwenye moto wa mrithi. Kuni zile, mabonge ya udongo wa kinamasi uliokaushwa, zilibebwa na wapangaji wenyewe, kwa amri. Marsaili alibeba vikapu vyake akiwa na mimba.

Mlinzi akamzuia. "We mama, huu ni moto wa bwana mdogo."

"Kuni nilizipandisha mimi, na tumbo langu hili!"

"Na asante ulipewa. Shuka, unatuharibia sherehe."

Akakipiga chungu teke.

Aliporudi, mama mkwe alikuwa bado anamwimbia mtoto. Mtoto alishakufa. Hakuwahi kupewa jina.

Marsaili aliishi hadi uzeeni, pwani, kwenye mawe wasikotaka hata kondoo. Kitukuu wake, Seonag, ameniambia: "Tulisimuliwa kwamba kwa bibi, ukiomba moto unapewa. Awepo mtoto asiyebatizwa, asiwepo. Watu walimsema. Akawajibu, 'Mimi nimeshaona kinachoua watoto, nanyi mnaniambia bahati?'"

Seonag, na ukoo wote, poleni sana. Pole imechelewa mno, lakini ni yenu.

Wapendwa, tutafakari. Jumamosi hii baraza litawasha moto tena kilimani, kumkumbuka mrithi yule yule. Wametualika sote. Nasi twendeni, tena mapema. Ila kila mtu abebe chungu. Mwendeeni atakayekuwa analinda, mwombeni kaa moja, la mtoto wa Marsaili. Tuone safari hii atajibu nini.