Mawe Yaliyomshinda Spika

Kijiwe chenyewe ni benchi moja la mbao na kreti mbili za maziwa, nje ya mlango wa chumba cha kufulia, nyuma ya ghorofa la matofali linalotazama mto Humber, hapa Weston. Mlango ukifunguliwa, joto la mashine za kukaushia linawapuliza wazee miguuni, ndiyo maana hawapahami hata upepo wa Septemba ukianza kuuma. Kahawa huletwa na Thobias, Mtanzania wa Ngara, katika chupa ya chai yenye maua mekundu, na ni kahawa ya tangawizi inayokwaruza koo. Thobias anaitwa Kamati, kwa sababu kuanzia hapa hadi Brampton hakuna harusi ya watu wetu iliyofungwa bila yeye kuwa mwenyekiti. Katikati hukaa Précieux, Mkongo wa Lubumbashi, mpakiaji mizigo wa uwanja wa ndege. Huyo ni Kravati, maana hata akienda kutupa taka huvaa tai. Mwisho wa benchi ni pa Zachariah, Mkamba wa Machakos, msimamizi wa ghala, na jina lake ni Spika. Hoja haifungwi mpaka aseme yeye. Lakini Jumamosi hiyo Spika alikuwa ameshika kikombe bila kunywa, akitazama saa kwenye simu kila baada ya dakika moja.

— Treni ya mtoto inafika saa ngapi? Thobias aliuliza.

— Kumi na dakika kumi, Zachariah alijibu.

— Sasa ni tisa na nusu. Basi tuna muda. Tusimulie upya, maana juzi ulisimulia kwa hasira, hatukuelewa.

Zachariah aliweka kikombe chini. Hakupenda kusimulia, ila alipenda kusikilizwa, na hilo la pili ndilo lililoshinda. Binti yake Valerie aliacha uuguzi mwaka wa pili, akaenda kusoma akiolojia. Baba alinuna mwaka na nusu. Kisha Julai hii Valerie akampigia simu mwenyewe: alikuwa kisiwa cha Arran, huko Scotland, akichimba na profesa wake, na alitaka baba aje aone. Katunge, mke wa Zachariah, alimnunulia viatu vya matope, akamfungia mkoba, akamwambia asirudi na maneno ya ghala.

— Nikavuka kwa feri, alisema Zachariah. Tukapanda basi, tukashuka, tukatembea njia ya shamba, kondoo huku na kondoo huku. Mbele ni uwanda mtupu. Ndipo mawe yanaanza. Miduara sita, bana! Mengine mafupi, ya mviringo kama magunia ya viazi. Halafu matatu mekundu, membamba, yamesimama wima, marefu kuliko mtu aliyembeba mwenzake begani. Miaka elfu nne yamesimama pale na hakuna aliyeyashikilia.

— Eeeh! Précieux alisema, akashika tai yake.

— Nilitulia kidogo, sikatai. Lakini siku ya tatu, ya kuondoka, profesa akaja, akanisalimia, akaniuliza naonaje. Na mimi nikaona nimchangamshe. Nikasema, "Profesa, kwetu Machakos jiwe kama hili tungelivunja kokoto. Lori mbili zinajaa."

Kijiwe kilipasuka kwa kicheko. Thobias alimwaga kahawa kwenye suruali. Précieux alipiga paja lake, halafu la Thobias. Zachariah aliwangoja wamalize.

— Na profesa alicheka hivyohivyo, mpaka akashika magoti. Valerie hakucheka. Alifunga daftari lake, akasema, "Baba, basi la kurudi bandarini ni saa tisa." Tangu siku hiyo hajanipigia. Leo anakuja kuchukua koti lake la baridi na masanduku mawili ya vitabu. Kesho anaruka kwenda Newfoundland, kule amepata nafasi ya kuendelea na masomo, miaka minne. Na leo halali kwetu. Atalala kwa rafiki yake mjini.

Hapo hakuna aliyecheka.

— Mama Valerie anasemaje? Thobias aliuliza.

— Amesema niende mimi kituoni. Na kama tutafika nyumbani hatujaongea, nigeuke nirudi kituoni nikakae hukohuko.

— Huyo mama ni serikali.

— Kutoka kituoni mpaka mlangoni ni dakika kumi na mbili, Zachariah alisema. Nataka neno moja la maana kuhusu yale mawe. Moja tu. Ajue baba yake si mvunja kokoto.

— Umefika penyewe, alisema Thobias, akammiminia kahawa juu ya ile ambayo hakuinywa. Umesema miduara?

— Sita.

— Kwisha. Hivyo ni vikao vya harusi. Watu wanakaa mduara ili asiwepo wa kujificha nyuma akasinzia. Yale mafupi ni wajumbe. Yale matatu mekundu ni meza kuu.

— Na kwa nini yako pale mpaka leo? Précieux aliuliza.

— Kikao kiliitishwa saa nane. Mgeni rasmi bado hajafika.

— Kamati, unamdanganya mtu mzima mwenye mtoto msomi! Papa Zachariah, sikiliza mimi, maana kazi yangu ni miduara. Abiria wakishuka ndege wanafanya nini? Wanasimama kuzunguka ule mkanda wa mizigo. Kimya. Kila mtu anatazama palepale. Njo vile! Wale watu walifika kisiwani kwa mitumbwi, wakasimama kungoja mizigo yao.

— Miaka elfu nne? Thobias aliuliza.

— Wewe hujawahi kupotelewa na sanduku.

— Na ile miduara mingine?

— Mitumbwi sita, mikanda sita. Yale marefu ni wale wa viti vya mbele, wenye kuona mbali.

Zachariah alitikisa kichwa. Moyo wake ulikuwa unarudi mahali pake. Ubishi siku zote ulimponya haraka kuliko dawa.

— Nyinyi mnacheza. Yale ni bikoni za shamba, mawe ya mpaka, alisema. Mzee alikufa, wana wakagawana, kila mmoja akasimika jiwe lake. Yale marefu ni ya mama mkubwa, maana nyumba yake ndiyo ilipata sehemu nzuri. Hata Valerie nilimweleza, siku ya kwanza tu.

— Akasemaje? Précieux aliuliza.

— Hakusema. Nilikuwa bado naeleza.

— Siku ya pili?

— Siku ya pili nilimweleza habari ya kesi ya ardhi ya mjomba wangu, ili aelewe bikoni inavyoweza kuhamishwa usiku.

— Hapo ulimsaidia, alisema Thobias kwa uhakika kabisa. Lakini shamba la mviringo nani alilima? Jembe litageukia wapi? Hapana. Ngoja. Nimeipata! Jamani, hii sasa ndiyo yenyewe. Hao walikuwa waombaji viza.

— Toka hapa!

— Nisikilizeni! Kisiwa, si ndiyo? Huwezi kutoka bila kibali. Wakapanga foleni. Foleni ikawa ndefu, ikapinda, ikapinda, mkia ukakutana na kichwa. Ikawa mduara. Sasa hapo nani wa kwanza? Hajulikani! Hakuna wa kuitwa dirishani. Wakasimama hivyo mpaka wakawa mawe.

Précieux alinyoosha tai yake kwa heshima ya wazo hilo. Yeye mwenyewe alisubiri karatasi zake miaka saba.

— Na yale matatu mekundu, alisema taratibu, ni familia moja. Baba, mama, mtoto. Faili lao lilirudishwa kwa sababu picha ilikuwa na masikio yamefichwa.

— Umeona? Thobias aliruka. Spika, simama. Tufanye mazoezi. Mimi ndiye Valerie, nimeshuka kwenye treni.

Thobias alisimama kwenye kreti, akashika chupa ya chai kifuani kama mkoba. Zachariah alivuta koti lake, akasafisha koo.

— Valerie, mwanangu. Baada ya kufikiri kwa kina, mimi na wataalamu wenzangu tumeonelea kwamba yale mawe ni foleni.

— Usianze na foleni! Anza na sifa. Mwambie amependeza, Précieux alisema.

— Valerie, mwanangu, umependeza. Yale mawe ni foleni.

— Sasa hapo nalia, alisema Thobias kwa sauti nyembamba, akajifuta macho kwa kifuniko cha chupa. Nakusamehe, baba!

Mlango wa chumba cha kufulia ulifunguka, joto likawapuliza. Akatoka mwanamke aliyebeba kapu la nguo mbichi kiunoni. Alipomwona mzee juu ya kreti amekumbatia chupa, alisita.

— Shikamooni.

— Marahaba! walijibu wote watatu.

— Mimi naitwa Leokadia, nimehamia ghorofa ya tatu Jumatatu. Mashine za kukaushia zote zimejaa. Naweza kungojea hapa?

— Ngojea, binti, kiti ni chako, alisema Thobias akishuka kwenye kreti. Na sauti hiyo ni ya nyumbani. Kagera?

— Muleba.

— Tulikuwa majirani! Basi wewe utuamulie.

Wakamwambia. Wakamwambia wote kwa pamoja, kila mtu akirekebisha cha mwenzake: binti, kisiwa, kondoo, kokoto, kikao, mizigo, foleni. Leokadia aliweka kapu mapajani, akasikiliza kwa utulivu wa mtu aliyezoea wagonjwa watatu kumwita kwa wakati mmoja. Walipoishiwa pumzi, alimgeukia Zachariah.

— Samahani, baba. Na Valerie mwenyewe anasema yale mawe ni ya nini?

Thobias alifungua mdomo. Précieux alimtazama Thobias. Wote wawili wakamtazama Zachariah, maana hilo lilikuwa lake, na Spika hajawahi kukosa neno.

Zachariah alitafuta. Alikuwa na uhakika jibu lilikuwepo mahali fulani, kwani alikaa na mtoto siku tatu nzima. Alimwona tena akitembea mbele yake na viatu vya matope, akigeuka kila mara: "Baba, ona hapa." Alimwona amepiga magoti kando ya shimo walilochimba, kidole chake kikielekeza kwenye udongo. "Baba, unaona rangi inavyobadilika?" Na yeye, Zachariah, alisema, "Ngoja kwanza nikuambie." Kila mara alisema hivyo. Aliruka shimo lile ili akapigwe picha na jiwe refu, na hakuwahi kutazama chini kuona mtoto alikuwa anaonyesha nini.

— Mara tatu, alisema.

— Mara tatu nini? Thobias aliuliza.

— Aliniita mara tatu nione kitu. Labda nne.

— Lakini alisema ni ya nini?

— Sijui, Kamati. Sikumwacha aseme.

Ndani, mashine moja ilimaliza kazi ikaanza kulia, lakini Leokadia hakuinuka. Précieux alikuwa anaisokota ncha ya tai yake. Yeye pia ana mtoto Montreal.

— Tisa na dakika hamsini na tano, alisema Thobias kwa upole. Kunywa hiyo kahawa uende.

Zachariah aliinywa yote kwa mkupuo mmoja, baridi na moto vimechanganyika, akaondoka bila kufunga hoja.

Kituoni alifika kabla ya treni, akasimama kwenye ngazi. Njiani alikuwa amejaribu kutunga sentensi nyingine, kisha akaziacha zote barabarani. Treni ya uwanja wa ndege iliingia, milango ikafunguka, na Valerie akashuka na begi la magurudumu, jua la uwandani bado limo usoni mwake. Alikuwa amekonda kidogo. Alipomwona baba yake, alitazama nyuma ya mzee, kama vile alitegemea kumwona mama.

— Shikamoo, baba.

— Marahaba.

— Begi nitalibeba mwenyewe, si zito.

— Sawa.

Watu waliwapita kulia na kushoto. Valerie alianza kutembea. Zachariah hakutembea.

— Valerie. Yale mawe. Wewe unasema ni ya nini?

Msichana aligeuka polepole. Alimchunguza baba yake usoni kama anayetafuta mahali mzaha ulipojificha.

— Nani amekutuma?

— Swali ni la jirani, alisema Zachariah. Lakini nauliza mimi.

Kiswahili cha Valerie kilikuwa cha jikoni kwa mama yake, na mambo haya hajawahi kuyasema kwa Kiswahili. Alilisimamisha begi, akaangalia juu, akiokota maneno moja moja.

— Ni... ni ndefu, baba. Hatujui yote.

— Tuna dakika kumi na mbili. Tukienda polepole, ishirini.

— Basi kwanza, alisema Valerie, na mkono wake mmoja ukaanza kuchora duara hewani. Mwanzoni hapakuwa na mawe. Palepale, kabla ya mawe, palikuwa na miti.

Zachariah alikuwa na la kusema kuhusu miti. Alikuwa na mengi. Alilimeza la kwanza, na la pili, akashika upande mmoja wa mpini wa begi, na safari hii Valerie alimwachia.

— Miti gani? aliuliza.