Uwanja Nilioufuta Mwenyewe

Assalamu alaykum, mama zangu, baba zangu na ndugu zangu wa hapa Kismayo. Mwenyekiti ameniambia niseme kwa ufupi. Nitajaribu, lakini nikinyamaza katikati, nivumilieni.

Mimi nimezaliwa Mombasa. Baba yangu ndiye wa kisiwa cha Ngumi. Alikuwa fundi wa kuunda mashua mpaka vita vilipowatoa kisiwani. Nilipoingia chuo kusomea usanifu wa majengo, alifurahi kuliko mimi. Mwaka wa mwisho kila mwanafunzi alitakiwa abuni jengo lake. Nikachagua nyumba za watu wanaorudi Ngumi. Wazo langu kuu nililiandika kwa sentensi moja: nyumba izunguke uwanja, na ya furaha na ya msiba yote yafanyike pale, watu wakiwa pamoja.

Ndugu zangu, nawaambia kweli, maneno yale yalikuwa ya baba. Mimi niliandika tu.

Halafu ushauri ukaanza. Huyu akasema ongeza ghorofa. Yule akasema weka tangi la maji ya mvua, mwingine akataka vyumba vya wageni. Yote mazuri! Nikayachukua yote, na kila nililoongeza liliumega uwanja kidogo. Sikuona. Nilikuwa nikitazama picha zinavyong'aa kwenye kompyuta.

Baba, wakati huo mgonjwa, akaomba aone. Nikamtandazia michoro kitandani.

"Uwanja u wapi?"

"Huu hapa, baba."

Akaweka kidole, kidole kikaufunika wote, akasema kwa lugha yake ya kisiwani: "Hapa mchu hawezi kuanika hata leso. Mimi nikifa, mtanioshea wapi?"

"Baba, hii ni kazi ya chuo, si matanga."

Ndivyo nilivyomjibu. Nikakunja karatasi zangu nikaenda.

Mbele ya jopo la watahini, mwalimu mmoja aliniuliza, "Jengo hili hasa ni la nini?" Nikaeleza, nikaeleza, na swali lake sikulijibu. Nikaanguka mtihani. Nilipewa nafasi ya kurudia, lakini nilirudi nyumbani na hasira, nikisema nimeonewa. Wiki mbili baadaye baba akafariki.

Tulikuwa tukiishi nyumba ya kupanga, ghorofa ya tatu. Alioshwa kwenye ujia mwembamba wa nyumba, mlango wa jikoni umeng'olewa ili waoshaji wapate pa kusimama. Wanawake walilia ngazini, mmoja nyuma ya mwingine, hawawezi hata kukumbatiana. Jeneza halikuweza kupita kwenye kona ya ngazi. Wanaume wakambeba mikononi, ndani ya sanda yake, mpaka chini. Nilisimama pale mlangoni nikitazama. Hapo ndipo nilipoelewa nilichokuwa nimekifuta.

Nilikaa miezi sikushika penseli. Shangazi yangu, aliyekuja matangani kutoka Ras Kamboni, hakuondoka. Asubuhi moja alinitolea michoro ile akasema, "Nionyeshe alichokuambia baba yako." Nikatafuta. Hakikuwamo.

"Basi kichore," akasema.

Nikarudi chuoni. Mwalimu yuleyule aliyeniangusha akaniambia, "Bandika sentensi yako ukutani. Kila mstari unaochora, uulize kama unaitumikia." Nikaondoa ghorofa, nikaondoa vyumba vya wageni. Tangi nililibakiza, ila nikalizika chini ya uwanja. Nilifaulu, ingawa si kwa alama za kutamba. Nyumba zenyewe bado hazijajengwa, wala sijui kama zitajengwa.

Namshukuru shangazi. Namshukuru mwalimu, ambaye nilimchukia bure. Namshukuru mama, aliyeniacha nilie bila kunihimiza.

Vijana mnaosoma, ushauri mzuri unaweza kukupoteza kama umesahau ulichokusudia. Jueni kazi yenu ni ya nini, muiseme hata kwa mtu asiyesoma. Na nyinyi mlio na wazee nyumbani, mkitoka hapa wapelekeeni kazi zenu wazione, hata kama hamjamaliza. Wakiuliza, kaeni chini muwajibu.

Mwombeeni baba yangu rehema.