Watu Sifuri wa Bondeni

Mheshimiwa Meya wa mji wetu, Ndugu Mkurugenzi, Ndugu Mtaalamu wa Mipango Miji, ambaye ripoti yake yenye picha za rangi tumeisikia ikisifiwa kwa saa nzima, waheshimiwa madiwani mliofika na mliotuma udhuru, mafundi na vibarua wenzangu wa kituo hiki cha kusukuma maji taka, mke wangu, binti yangu, ndugu na majirani, mabibi na mabwana, habari za asubuhi.

Nianze kwa kuwapongeza kwa kufika. Katika miaka thelathini na moja niliyofanya kazi hapa nimehudumu chini ya mameya saba, na leo ndiyo mara ya kwanza kumwona mmoja wao akivuka lile geti. Naona pia wengi wenu mmeshika leso puani. Nimeguswa sana, maana sikujua kwamba kustaafu kwangu kungewaliza watu wengi kiasi hicho.

Mshereheshaji amenitambulisha kwa jina lililo kwenye faili, na wenzangu wakatazamana wakijiuliza ni nani huyo. Mimi ni Mzee Chemba. Kazi yangu imekuwa kushuka ngazi kumi na nne kila saa, kusoma kina cha maji kwenye rula iliyopakwa rangi ukutani, kupanda ngazi zile zile na kuandika daftarini. Mipango miji sikuisomea. Lakini ukiisoma rula ile kwa miaka thelathini na moja, mji hauna siri tena kwako. Mtu anaweza kumdanganya karani, anaweza kumdanganya mwenye nyumba na hata mke wake, lakini chooni hakuna anayetuma mwakilishi.

Leo nimeombwa jambo moja tu kabla sijaondoka. Nitie sahihi hati ya makabidhiano isemayo kwamba kituo hiki, chenye pampu moja, kinautosha mji mzima. Kwamba mji huo, kwa mujibu wa ripoti, una watu laki mbili. Na kwamba huko bondeni, nyuma tu ya ukuta huu, kuna watu sifuri. Hati ikikamilika, ile pampu ya pili tuliyoahidiwa haitakuwa na kazi, na mahali pake tutajengewa chemchemi ya mapambo katikati ya mji. Hati hiyo nitaifikia. Kwanza niruhusuni, mimi ambaye sikusoma sana, niwasaidie kidogo waliosoma.

Nilipoanza kazi, maji yalikuwa yakijaa saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Mji uliamka, ukaoga, ukaenda kwa miguu hadi kiwanda cha nguo. Hata rangi ya maji ilinipa habari: wakitia rangi vitambaa vya bluu, nami nilipokea bluu. Kisha kiwanda kikafungwa, na wakubwa wa wakati ule wakatangaza kwamba sasa watu watarudi walikotoka na mji utapumua. Rangi ikaisha kweli. Maji yakaongezeka. Hakuna aliyerudi popote. Mwenye nyumba ya vyumba vinne aliikata vikawa vinane akapangisha, na waliokuwa wafumaji wakaanza kunyoana nywele, kushoneana nguo na kuuziana sabuni. Mji ukishakuwa na watu wa kutosha, watu wenyewe huwa ndio kazi, na hilo ninyi wakubwa mlilijua mapema kuliko sote, maana ushuru wa kuuziana huko sabuni haukuchelewa hata wiki.

Baadaye nyumba za katikati zikageuzwa ofisi, kodi zikapanda, wapangaji wakasogea pembeni, na wa pembeni wakasogea pembeni zaidi. Nani aliniambia? Rula. Kilele cha asubuhi kilihama kutoka saa kumi na mbili na nusu hadi saa kumi na moja, na leo kiko saa kumi alfajiri, kwa sababu anayetakiwa kibaruani saa mbili inambidi aoge kabla jogoo hajakohoa. Bomba la katikati ya mji, kwa upande wake, hupata maji kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, nayo Jumapili huwa kavu kiasi kwamba ungeweza kutandika shuka humo ukalala. Ni hapo hapo, mahali ambapo halali mtu ila walinzi, ndipo itakapojengwa chemchemi. Hongereni sana. Walinzi wetu wamekosa burudani kwa muda mrefu.

Kisha kuna wimbo wa wageni. Sijapata kusikia hotuba ya bajeti isiyosema kwamba mji umejaa kwa sababu ya watu wa kuja. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Sisi tumewasahihisha: mgeni njoo, mwenyeji apate wa kumlaumu. Ni kweli watu wanakuja. Mimi nilikuja. Na wewe Mheshimiwa, kama hutachukia nikisema, ulikuja miaka miwili baada yangu, tena ukiwa na begi dogo kuliko langu. Lakini mwisho wa mwaka, wakati kila aliye na kwao anapokwenda kwao, maji hupungua sehemu moja tu kati ya tano. Hao wengine wanne kwao ni hapa. Zamani kwenye vichujio nilikuwa nikitoa nepi moja kwa wiki, na tuliitana kuja kuishangaa. Siku hizi tunazoa kwa sepetu. Sasa nauliza kwa unyenyekevu: ni mgeni gani huyo anayeingia mjini amevaa nepi? Mji unakua kwa sababu watu wake wanazaa, na kwa sababu wazee wamegoma kufa kwa wakati. Kwa hilo la pili naomba radhi, maana nami nimo.

Nimsifu sasa Ndugu Mtaalamu. Alikuja kuniona mwezi wa tatu, kijana mwenye adabu, kofia yake ngumu bado ina karatasi ya dukani, akaniambia kwamba bondeni pamehamwa. Amekagua mwenyewe, hakukuta mtu. Nikamwuliza alikwenda siku gani na saa ngapi. Jumanne, saa nne asubuhi. Nikamwuliza alikuta nini.

“Makufuli, mzee. Kila mlango.”

“Mwanangu,” nikamwambia, “mtu aliyehama huondoka na kufuli lake.”

Aliandika kitu kwenye karatasi zake, nikafurahi. Kwenye ripoti sikukiona, nadhani nafasi ilichukuliwa na picha za rangi.

Walikuwa wapi watu wa bondeni, Jumanne saa nne? Walikuwa kwenu. Mama anayepika chai ofisini kwenu, aliyemmiminia Ndugu Mtaalamu kikombe alichokunywa akiiandika ile sifuri, anatoka bondeni. Dereva aliyekufikisha hapa, Mheshimiwa, anatoka bondeni. Huyu bwana anayenishikia waya wa kipaza sauti anatoka bondeni, na ameacha kufuli mlangoni. Mimi mwenyewe naishi bondeni mwaka wa kumi na tisa huu, kwa hiyo kitaalamu mnamuaga mtu ambaye hayupo, na makofi mliyoyasikia kule nyuma nilipokuwa naitwa yalikuwa upepo. Najua mtanijibu kwamba asiyekuwepo na lake halipo. Sawa. Lakini wahenga walimsema anayekosa kufika kwenye mgao, hawakumsema aliyehesabiwa sifuri akiwa kazini anawafagilia ofisi.

Hapa naomba niweke mzaha kando.

Mwaka jana, ile mvua kubwa ya mchana, maji yalipita mstari mwekundu. Kitabu cha mashine kinaagiza kwamba yakipita mstari huo uzime pampu, mota isije ikaungua, kwa sababu mota ikiungua mji mzima unakwama kwa miezi. Kitufe nilikibonyeza mimi. Nilijua maji yatarudi wapi, maana mabomba yale tuliyalaza sisi. Yalirudi bondeni, yakafumuka kwenye chemba, yakaingia vyumbani, chumba cha binti yangu kikiwemo. Kabla ya wiki kuisha kipindupindu kilikuwa kimechukua watoto watatu. Mmoja alikuwa mjukuu wangu, wa miaka minne. Hospitalini karani aliutafuta mtaa wetu kwenye orodha, hakuuona, akaandika kwamba marehemu hakuwa na makazi. Alikuwa nayo. Alikuwa na mkeka wake, na kikombe chake cha njano ambacho hakuna mwingine aliyeruhusiwa kukigusa. Watu sifuri, vifo vitatu. Ndugu Mtaalamu, hesabu hiyo nisaidie wewe, mimi niliishia shule ya msingi.

Binti yangu amekaa pale mstari wa pili. Hajanitamkia neno la lawama hata siku moja, na hilo linaniuma kuliko lawama yoyote.

Kuanzia kesho kazi yangu ataifanya binti fundi, yule pale mwenye ovaroli ya bluu. Mambo yaliyonichukua miaka kumi kuyajua, yeye ameyajua kwa miezi mitatu, na mtu akiniambia kwamba kazi hii haifai mwanamke nitampeleka akashuke zile ngazi mara moja tu tuone. Mvua zimebakiza wiki sita kuanza. Juzi, tukikagua mashine, aliniuliza swali moja.

“Mzee, yakipita mstari, nibonyeze?”

Nilijifanya natafuta miwani. Mpaka leo sijamjibu, kwa sababu jibu la kitabu ni ndiyo, na penye pampu moja hakuna jibu lingine.

Ofisi ya utumishi imenieleza, kwa upole sana, kwamba bila hati hii faili langu la mafao halitasogea. Nimewaelewa. Asubuhi hii, kabla hamjafika, nimetia sahihi. Msipige makofi bado. Palipoandikwa sifuri nimekata mstari, nikaandika elfu arobaini na moja, kwa sababu ndivyo bomba la bondeni linavyoniambia kila siku inayokwenda kwa Mungu. Palipoandikwa kwamba kituo kinatosha, nimeandika kwamba hakitoshi. Madaftari yote ya miaka thelathini na moja yamepangwa juu ya ile meza, na anayetaka kunisuta ayafungue. Faili langu likikwama, likwame. Nimeshazoea vitu vinavyokwama, na kuvizibua ndiyo kazi niliyoajiriwa.

Sahihi ya pili ni yako, Mheshimiwa. Ratiba inasema unaiweka sasa hivi, mbele ya hadhara hii.

Nawashukuru wenzangu tulioshuka pamoja mahali ambapo wengine hawatazami. Namshukuru mke wangu, aliyenipokea mlangoni kila jioni nikiwa katika hali mnayoweza kuikisia, na hakuwahi kurudi nyuma hatua moja. Nawashukuru nyote kwa kunipa masikio yenu mpaka mwisho bila kunikata kauli. Na sasa, ninyi wa bondeni mlio hapa, wapishi, walinzi, wafagizi, bwana dereva, na wewe bwana wa waya, naomba msimame mlipo, na msimame hivyo hivyo, ili Mheshimiwa anaposhika kalamu aone anamwandika nani.