Kompyuta Iliyoletwa Kijiweni

Jumatatu, tarehe kumi na moja ya mwezi wa pili, saa tatu na dakika kumi asubuhi, mke wa Fundi Makochi alikata roho, na tangu dakika ile nyumba yao ikabaki na watu wawili: Fundi na binti yake wa miaka kumi na mitatu. Miezi minne ilipopita Fundi alikuwa amerudi kazini, na wenzake wamerudi kwenye benchi. Benchi lenyewe liko nje ya karakana yake; alilivisha kwa mkono wake kipande cha ngozi ya plastiki kilichobaki kwenye kochi la mteja. Hapo hukaa watu watatu kila asubuhi. Tarishi, mzee aliyebeba mafaili ya ofisi miaka thelathini na kustaafu nayo kichwani. Hakimu, kinyozi wa mlango wa pili, ambaye hukata hukumu haraka kuliko anavyokata nywele. Na Profesa, muuza makava ya simu, aliyeacha shule darasa la sita akajipandisha cheo mwenyewe. Mama Kahawa huketi pembeni kwenye kigoda chake na birika mbele yake, akisikiliza zaidi ya anavyosema. Yeye na marehemu walikuwa marafiki tangu usichana.

Jumamosi moja walikuta juu ya meza ya kukatia vitambaa, katikati ya sponji na springi, imewekwa kompyuta. Kila mtu aliiona, na hakuna aliyeuliza mpaka vikombe vilipojaa. Ndipo Fundi akawaeleza, polepole, kama mtu anayefumua mshono wake mwenyewe.

Kompyuta ile ilikuwa ya marehemu. Aliitumia sebuleni kuwapigia watu barua na kadi zao. Alipoondoka, binti akarithi kiti. Kila akitoka shule hukaa hapo, na akisikia kandambili za baba yake mlangoni hufunga alichokuwa akikisoma. Si mara moja, si mara mbili. Sasa Fundi mashine haijui. Anachokijua ni kochi. Kochi halimfichi kitu: unachana kitambaa, unaingiza mkono kwenye kona, unatoa pini za nywele, risiti, barua za zamani, siri zote za wenye nyumba. Jumatano alikuwa amewauliza hapa hapa benchini mtu anaingizaje mkono kwenye kona za kompyuta. Profesa ndiye aliyempa jibu. Washa, andika neno chafu pale penye kisanduku cha kutafutia. Kama limo, litajitokeza. Kama halimo, litasema halimo.

Alhamisi, binti yuko shule, Fundi akaandika. Aliandika kwa kidole kimoja neno ambalo hajapata kulitamka mbele ya mtu. Likajitokeza. Si neno tu, na picha zake. Alivuta kitambaa cha kuifunikia mashine, akakitupia juu, akakaa chini sakafuni.

Binti aliporudi, Fundi hakumuuliza kitu. Alimwambia sentensi moja. Fundi aliirudia pale benchini kwa sauti ya chini sana, mpaka Tarishi akainamisha sikio.

— Nilimwambia, heri mama yako amekufa hajayaona haya.

Mtoto aliweka begi chini, akaingia chumbani. Tangu siku hiyo anapika, anapakua, anafunika sahani ya baba yake, anaingia ndani. Na leo saa tisa, Fundi akamalizia, dada yake anafika kumchukua mtoto. Atakaa kwa shangazi mji mwingine na shule atahamia huko. Nyumba isiyo na mama haiwezi kulea msichana aliyekwisha kuharibika.

Hakimu aliweka kikombe chini kabla wengine hawajameza.

— Umefanya la maana. Mchelea mwana kulia, hulia yeye.

— Mimi nalia tayari, Fundi alisema.

Hapo benchi likashika kazi yake. Tarishi alieleza kwamba uchafu wa namna hii huingia kwa waya, kama panya wanavyopita kwenye bomba. Ofisini kwao palikuwa na mashine moja, na mkubwa wao aliamuru ifutwe kwa spiriti kila Ijumaa, na bado ikaongezeka uzito. Haba na haba hujaza kibaba, alisema, na akamuuliza Fundi kama hakuiona nzito alipoibeba. Fundi alikiri ilikuwa nzito.

Hakimu alikataa habari ya waya. Yeye alitoa mfano wa mashine yake ya kunyolea, ambayo kila kichwa huacha kitu ndani yake. Kwa hiyo ifunguliwe, isuguliwe kwa brashi. Na kile kitambaa cha kuifunikia kichomwe, kwani wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako.

— Kile alikifuma marehemu, alisema Mama Kahawa.

Hakimu aliliacha la kitambaa, akanyoosha kikombe aongezewe kahawa.

Profesa ndiye aliyefungua tena mdomo, na kama kawaida yake aliruka ukuta wote. Alisema mashine za mtaa mmoja hunong'onezana kupitia kuta, na nyumba safi huambukizwa na nyumba chafu kama mafua. Zaidi ya hapo, mashine hushika sura. Hii imekwisha kumshika binti. Hata akienda kwa shangazi itamfuata, kwa sababu mbio za sakafuni huishia ukingoni.

— Hiyo methali imeingiaje hapo? Tarishi aliuliza.

— Sakafu ni sebule, ukingo ni kwa shangazi. Tafakari, mzee.

Tarishi alitafakari, akaona inakaa. Wakakubaliana dawa ni kuizika. Wakabishana kina. Hakimu alitaka futi tatu, Profesa alitaka sita, maana tatu mbwa huweza kufukua. Fundi aliposikia futi sita alianza kutazama mikono yake, ile iliyomfukia mkewe, akaigeuza, akaitazama upande wa pili.

Wakati huo alikuwa amesimama pale mwanamke mgeni, karani wa zahanati, na mito miwili ya viti kwapani. Alikuja mito ishonwe upya. Alikuwa amesubiri kwa adabu wamalize, na alipoona hawamalizi, akauliza.

— Samahani, kaka. Hilo neno uliliandika wapi?

— Kwenye mashine, dada, alijibu Tarishi kwa niaba ya wote.

— Mashine ina sehemu nyingi. Aliandika sehemu gani?

Tarishi alimtazama Hakimu. Hakimu alimtazama Profesa. Profesa alianza kupanga makava yake kwa rangi. Swali lilikuwa dogo kama sindano, na katika watu wote wale hapakuwa na wa kuliokota.

Karani aliweka mito chini. Aliomba mashine ichomekwe kwenye umeme, na Fundi akachomeka. Alimwambia akae yeye mwenyewe mbele yake, kwa kuwa yeye ndiye mzazi. Kisha akamtaka aonyeshe kwa kidole. Fundi alionyesha kile kisanduku.

— Hapo si ndani ya mashine yako, kaka. Hilo ni dirisha la kutazamia nje. Ulichofanya ni kusimama mlangoni kwako ukawaita wezi wa dunia nzima kwa majina yao. Walipokuja, ukasema walikuwa chini ya kitanda cha mtoto.

Uso wa Fundi ulikuwa kama wa mtu aliyeshona kochi zima kisha akagundua kitambaa amekigeuza.

— Na yeye alikuwa akitazama nini? aliuliza mwishowe. Kwa nini alikuwa anafunga?

— Hilo silijui. Ila mashine inaandika. Kila ukurasa unaofunguliwa inaweka siku na saa, labda mtu aufute. Bonyeza hapa juu. Sasa hapa, palipoandikwa historia.

Fundi alibonyeza. Orodha ikashuka. Karani alipoona imeshuka aligeuza uso akatazama barabarani, akasema ya mtoto asome mzazi, yeye si haki yake.

Fundi alisoma akichezesha midomo. Juu kabisa, Alhamisi, saa tano na dakika ishirini asubuhi, lilikaa neno lake mwenyewe na kurasa zake chafu. Saa tano asubuhi binti alikuwa darasani. Chini yake ilifuata Jumatano, kisha Jumanne, kisha wiki za nyuma mpaka mwezi wa pili. Hakuna kilichokuwa kimefutwa. Hapakuwa na uchafu hata wa kidole.

Palikuwa na hesabu za shule. Palikuwa na swali, siku za mwezi zikimwanza msichana huchukua muda gani. Palikuwa na swali, damu hutokaje kwenye shuka. Palikuwa na namna ya kujisuka nywele mwenyewe usipokuwa na wa kukusuka. Na palikuwa na swali moja lililorudiwa wiki hadi wiki, kwa maneno tofauti kidogo kila mara: baba akifiwa asipokula, apikiwe nini.

Fundi aliinama mpaka paji la uso likagusa meza. Kule benchini watatu walikuwa wamenyoosha shingo, na Hakimu alikwisha kuinua mguu mmoja ili asogee aone.

— Kahawa imekwisha, alisema Mama Kahawa. Nendeni makwenu.

Birika lilikuwa bado zito mkononi mwake, na wote waliliona. Wakainuka. Profesa aliondoka wa mwisho. Alisimama mlangoni mwa karakana, akataka kusema kitu, akakosa methali, akaenda.

Karani alingoja Fundi anyanyue kichwa. Akamwambia zipo njia za kuufungia uchafu usipite kwenye ile mashine, na atakapokuja kuchukua mito atamwonyesha. Ila siku nyingine akitaka kuipekua, asiipekue peke yake. Akae na mtoto, kiti na kiti.

Fundi alifika nyumbani saa nane, kompyuta ameikumbatia kifuani. Binti alikuwa chumbani akikunja nguo. Alikuwa amezipanga juu ya kitanda kama mama yake alivyokuwa akizipanga, nzito chini, nyepesi juu. Hakugeuka.

Fundi aliweka mashine chini.

— Mwanangu, alisema, uchafu ule niliuleta mimi. Kwa kidole changu hiki. Wewe huna kosa, na huendi popote. Shangazi yako akifika atakunywa chai, atarudi kwake.

Binti aliendelea kukunja gauni lililokwisha kukunjwa.

— Nisamehe, mama, alisema Fundi, kwa maana ndivyo baba amwitavyo bintiye anapomwomba kitu kikubwa.

Hapo akageuka. Macho yalikuwa makavu, ya mtu aliyekwisha kulia siku zake zote mbili.

— Nimekusamehe, baba. Lakini lile neno ulilosema juu ya kufa kwake. Mama alilisikia?

Fundi alikuwa ameishi miaka hamsini na mbili, ameswali, amefunga, amezika wazazi wake wote wawili, na hili hakuna aliyewahi kumfundisha. Alitandika mkeka, akapiga magoti, na mtoto akapiga magoti kando yake.

— Ee Mola, mrehemu mama wa mtoto huyu. Mpanulie mahali alipolala, umwangazie. Mema aliyotufundisha umhesabie yeye, na haya tusiyoyajua utufundishe wewe badala yake. Na lile neno nililolisema kwa hasira, Mola wangu, kama lilikuwa bado njiani, lizuie lisimfikie. Amina.